Risala ya Kamati ya Elimu: Binti Mmoja Katika Darasa la Fizikia

Ndugu Mgeni Rasmi, akina mama wenzetu, wazee na marafiki wa kikundi,

Mambo ya hisa na mikopo mmekwisha kuyasikia kwa Mweka Hazina. Sisi tumepewa dakika chache, nazo tunazitumia kwa jambo moja linalotukera: mabinti zetu na masomo ya hesabu na sayansi.

Mwaka wa nne wa kikundi, mtoto wa mwenzetu aliingia kidato cha tatu akachagua fizikia. Darasani walikuwa wasichana wawili, wavulana thelathini na kitu. Mwenziwe akahama, akabaki peke yake. Hakuna aliyemfukuza, jamani, wala kumtukana. Ila siku ya majaribio wavulana walishika waya na betri, yeye akapewa kalamu aandike majibu. Akiuliza swali, kicheko. Muhula wa pili aliacha fizikia, akabaki na historia na jiografia. Na hesabu alikuwa anazipata vizuri tu! Sisi mama zake tulisemaje? Tulisema afadhali, asijitese. Hilo tunalikiri mbele yenu.

Baada ya hapo wengi wetu tukaona dawa ni shule ya wasichana watupu. Zipo za kujivunia, kama Kilakala kule Morogoro na Msalato kule Dodoma. Huko msichana wa fizikia si kioja, maana asiposhika waya yeye, atashika nani? Lakini nafasi ni chache, na watoto wetu wengi wako hizi shule za kutwa za mchanganyiko.

Tena watafiti wenyewe hawana kauli moja. Utafiti wa Austria uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba wasichana waliosoma na wasichana wengi zaidi walielekea zaidi kuchagua shule za fani zilizozoeleka kuwa za wavulana. Ule wa Denmark wa mwaka 2020 ulikuta kinyume: katika mchepuo wa hesabu, wasichana walipokuwa wengi zaidi darasani, waliokwenda kusomea sayansi na uhandisi walipungua, na wavulana wakaongezeka. Tulipoelezwa haya tuliguna. Kumbe wingi peke yake hautoshi! Tunavyoona sisi, wenzako wanaweza kukuvuta mbele au pembeni. Inategemea wanazungumza nini wakiwa njiani kurudi nyumbani.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Mkopo wa elimu mpaka sasa anakopa mzazi mmoja mmoja. Kwa mabinti wa sayansi utolewe kwa pamoja: watatu au zaidi, mwalimu mmoja wa likizo, na kila mmoja ashike vifaa kwa zamu. Riba isitozwe.

Tunajua wapo watakaosema fedha za kikundi ni za biashara. Waseme leo, tukiwa wote, kabla chakula hakijapakuliwa.

Tunaomba kuwasilisha.