Ghala la Mtandao na Folda Tupu

Mpiga picha wa Kirumba, Mwanza, aliyehifadhi picha za harusi katika kisanduku cha diski kilicho pembeni, akataka seva yake ndogo ya nyumbani izisome kana kwamba zimo ndani yake yenyewe, aweza kutumia itifaki ya NFS, ambayo kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliibuni mnamo 1984, au programu ya Samba, aliyoitoa Andrew Tridgell wa Australia mwaka 1992. Kazi yenyewe ni nyepesi: hutengeneza folda tupu, mathalan /mnt/picha, ambapo ghala la kisanduku litaunganishwa, kisha huandika mstari mmoja katika faili la fstab, akitia neno _netdev ili seva iungoje mtandao.

Hadhari kubwa iko kwenye umeme. Ukatikapo na kurejea, seva huweza kuamka kabla ya kisanduku. Ghala halijaunganishwa, ila folda ingalipo, nayo programu, isiyotambua tofauti, huendelea kumimina picha za harusi ya jana kwenye diski ndogo ya seva, hata ghala liunganishwapo baadaye picha hizo hufunikwa, mwenyewe akadhani zimepotea. Hazikupotea: tenganisha ghala kwa amri ya umount, utazikuta, uzihamishe. Kisha nakusihi, kabla hujaunganisha tena, ifunge folda ile tupu kwa amri ya chattr +i, ili hata msimamizi mkuu wa seva asiweze kuandika humo, na programu ilalamike papo hapo.