Kupiga Picha kwa Jua

Leo nataka kuwaeleza namna ya kutia picha katika karatasi bila kalamu wala kamera. Kazi yenyewe hufanywa na jua.

Mwaka 1842 mtaalamu wa Uingereza, Sir John Herschel, aligundua kwamba dawa mbili zenye chuma, zikichanganywa na kupakwa juu ya karatasi, hugeuka buluu zikipigwa na jua. Mwaka uliofuata bibi mmoja, Anna Atkins, alianza kutoa kitabu cha mwani wa baharini kwa njia hiyo. Mwani una nyuzi nyembamba mno, na mkono wa mchoraji hukosea upesi. Basi yeye aliulaza mwani wenyewe juu ya karatasi, akaliachia jua. Hata maneno ya kitabu yalitokea hivyo hivyo, kwa mwandiko wa mkono. Baadaye wajenzi walitumia njia hii kwa ramani za nyumba, zile za buluu zenye mistari myeupe.

Unga wa kwanza ni wa kijani, jina lake feriki amonia sitreti. Koroga gramu 25 katika maji mililita 100. Wa pili ni mwekundu, potasiamu ferisianidi; huu koroga gramu 10 katika maji mililita 100, katika chupa nyingine. Hapa sikilizeni sana. Unga huu mwekundu usiupashe moto kamwe, wala usiuchanganye na tindikali, maana huweza kutoa hewa ya sumu. Chupa ziandikeni majina, mziweke mbali na watoto. Kikombe na kijiko mtakachotumia visirudi tena jikoni, hata vikioshwa mara kumi.

Sasa ingia chumbani penye mwanga hafifu. Changanya kiasi sawa cha maji ya kila chupa, upake karatasi nzito kwa brashi, kisha uiache ikauke gizani. Itakuwa na rangi ya manjano na kijani kidogo.

Ikikauka, weka jani juu yake. La mwarobaini hufaa. Mimi hupenda zaidi la mpapai changa, kwa vile pindo zake zina mikato mingi. Gandamiza kwa kioo, upeleke juani. Usitazame saa peke yake, tazama karatasi. Pale pasipofunikwa patageuka buluu, halafu rangi ya majivu. Hapo ndipo imeiva. Jua la adhuhuri huweza kufanya hivyo kwa dakika chache, lakini siku ya mawingu ngoja zaidi.

Kisha osha katika maji safi, ukibadili maji mpaka yasitoke manjano tena. Watu wengi huharakisha hapa, na ile manjano iliyobaki huja kugeuka buluu na kuharibu weupe wa jani. Usitumie sabuni wala magadi, maana hufuta buluu. Maji machafu yasimwagwe karibu na kisima. Anika kivulini, kesho yake buluu itakuwa imekolea.

Ikikauka, geuza karatasi nyuma, uandike kwa penseli jina la mti, tarehe, na dakika ulizoiacha juani. Mkija darasani leteni karatasi hizo, kila mtu asome yake.