Soma Bahasha ya Dawa

Msikilizaji, mwaka 1973 Tanzania ilikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walijiunga. Walikaa kwa vikundi kando ya redio, na vijitabu mkononi. Wengi walikuwa wametoka kujifunza kusoma, tena ukubwani, hivyo vijitabu viliandikwa kwa lugha nyepesi. Walisikiliza, wakasoma, wakajadiliana. Kisha wakashika majembe: vyoo vikachimbwa, madimbwi ya mbu yakafukiwa.

Kisomo kilizaa choo!

Leo kisomo hicho kinahitajika hata kwenye dirisha la dawa. Mama anapewa bahasha iliyoandikwa moja mara tatu. Asiyejua kusoma hutegemea kumbukumbu, au mtoto wa shule, ambaye huenda hajarudi nyumbani. Dawa mseto ya malaria hunywewa kwa siku tatu. Mgonjwa akiacha siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka, vimelea vinaweza kubaki mwilini na ugonjwa ukarudi.

Kwa hiyo, msikilizaji, usiondoke dirishani hujaelewa. Muulize mhudumu: ninywe ngapi, saa ngapi, kwa siku ngapi? Kisha mrudilie maneno yake, naye asikie kama umeshika sawasawa. Si aibu hata kidogo.

Na kama kusoma kunakupa shida, nenda ofisi ya kata. Mwone afisa elimu, uulize darasa la kisomo cha watu wazima liko wapi. Babu na bibi wanapokelewa pia.