Mgonjwa Alikuwa Daktari: Msiba, Ungamo na Kukua Kiroho katika Uamsho wa Afrika Mashariki



Kuna ushuhuda ambao kila aliyewahi kukaa kwenye ibada zetu anaujua. Mtu anasimama, anamshukuru Mungu kwa nafasi, anaeleza alivyofukuzwa kazi, alivyougua, alivyokimbiwa na mwenzi wake. Kisha anaeleza alivyofunga na kuomba, na hatimaye kazi imepatikana, tena yenye mshahara mnono kuliko ile ya kwanza. Vigelegele vinapigwa. Sina ugomvi na vigelegele. Ugomvi wangu ni na hesabu iliyojificha humo: kwamba msiba ni ada, na ukishailipa utapewa cheti. Kwa hesabu hiyo, mama wa benchi la nyuma ambaye mtoto wake aliombewa na hakupona hana la kushuhudia, na hakuna anayemwuliza.

Hoja yangu ya leo ni kwamba msiba peke yake haumkuzi mtu. Waweza kumwacha mchungu, mkali kwa watoto wake, au mnafiki aliyekomaa. Anayekua ni yule ambaye msiba umemfikisha mahali pa kusema kweli juu ya nafsi yake mwenyewe, mbele ya watu wanaoweza kumjibu, na kweli hiyo ikamgharimu kitu. Ushahidi wangu nautoa hapa hapa kwetu, katika Uamsho wa Afrika Mashariki, lile vuguvugu la ungamo lililoanzia Rwanda na Uganda.

Mwaka 1928 na 1929 Rwanda ilipigwa na njaa ambayo wenyeji waliiita Rwakayihura. Watu walikufa njiani wakielekea Uganda na Kongo. Huko Gahini, juu ya Ziwa Muhazi, palikuwa na hospitali ndogo ya misheni ya Kianglikana, na daktari wake alikuwa Joe Church, kijana wa Kiingereza aliyesoma Cambridge. Aliwalisha wenye njaa, aliwatibu wagonjwa, aliwazika wafu. Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, akiwa amechoka mwili na roho. Hakupungukiwa na imani kwa maana ya mafundisho, aliyajua yote. Kilichokwisha ni ile nguvu ya kuyafanya.

Jumapili moja kwenye kilima cha Namirembe alimkuta Simeoni Nsibambi, Muganda aliyekuwa na kazi ya serikali upande wa afya. Nsibambi naye alikuwa na jeraha lake la zamani: nafasi aliyoitumaini ya kwenda kusoma ng'ambo ilimpita, na uchungu huo alikuwa ameupeleka kwa Mungu kabla ya kukutana na Mwingereza huyu. Wawili hao waliketi siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja, kila mmoja akimweleza mwenzake anachokikosa.

Historia nyingi huandikwa kana kwamba mmisionari ndiye aliyeuleta Uamsho, Waafrika wakaupokea. Mimi naisoma kinyume. Siku zile mgonjwa alikuwa daktari, na aliyemhudumia alikuwa Mwafrika ambaye, kwa utaratibu wa kikoloni, alipaswa kumwamkia kwa kuvua kofia. Sidhani kwamba mambo hayo mawili yanatenganishika. Church alipata alichokipata Namirembe kwa sababu uchovu ulimvua cheo kwanza.

Tena hakurudi Gahini na ushindi. Alirudi na moto, na moto ukaleta ugomvi. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha, na ukali wa mahubiri yake uliwaudhi wafanyakazi wa hospitali. Aliyeudhika zaidi ni Yosiya Kinuka, mkuu wa wahudumu. Kazi ilikuwa imezorota na wahudumu walikuwa na manung'uniko. Kinuka akataka kuondoka. Mwaka 1931 alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, na huko akaeleza mashtaka yake yote juu ya hali ya Gahini. Nsibambi akamsikiliza, kisha akamwambia kwamba shida ya hospitali ile ilikuwa moyoni mwake yeye, Kinuka.

Fikirini jibu hilo. Mtu amesafiri safari ndefu kutafuta wa kumwunga mkono, naye anarudishiwa lawama. Wengi wetu tungerudi nyumbani tukiwa na adui wa pili. Kinuka alipokuwa njiani kurudi, garini, alikubali kwamba aliloambiwa ni kweli. Alipofika aliungama mbele ya wenzake, na hospitali ikaanza kubadilika kutokea kwake. Kwangu tukio hilo ni kubwa kuliko mikutano yote iliyofuata, ukiwemo ule wa Desemba 1933 hapo Gahini, ambapo watu waliungama kwa machozi kwa saa nyingi. Katika mkutano, machozi ya jirani humsaidia mtu kulia. Kinuka hakuwa na msaada huo garini.

Mwenendo uliozaliwa hapo wazee wa Bukoba, Kigezi na Kiambu wanaujua bado: kutembea nuruni. Ndugu walikutana kila wiki kusoma Neno, na kila mmoja kusema alikoteleza. Aliyeiba alirudisha. Aliyekopa akanyamaza alikwenda kulipa, na wafanyabiashara wa Kihindi walishangaa kuona watu wakileta fedha ambazo hazikuwa kwenye daftari lolote. Mume alimwomba mkewe msamaha mbele ya watu, jambo ambalo kwa desturi za wakati ule lilikuwa fedheha. Wamisionari wa Kiingereza walisimama mbele ya Waafrika wakaungama dharau yao. Josiah Kibira, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kilutheri huko Bukoba na rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alilelewa katika ushirika huo na akauandikia utafiti wake.

Wanauamsho walikuwa na ubaya wao, sitauficha. Wengine waligeuka mapolisi wa roho za wenzao. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Uamsho walifukuzwa katika chuo cha teolojia cha Mukono kwa kugongana na uongozi. Ukiisoma kesi hiyo bila upendeleo, ukaidi ulikuwepo pande zote mbili.

Nchini Kenya, hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ndugu wengi wa Uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau, na wakakataa pia bunduki za serikali. Wapo waliouawa kwa ajili hiyo. Mtu aweza kubishana nao kisiasa, na mimi hubishana, kwa kuwa ardhi ilikuwa imeporwa kweli. Lakini hakuna anayeweza kusema imani yao ilikuwa ya maneno.

Nimfikie Festo Kivengere, mwanauamsho wa Uganda. Huyu Watanzania tuna haki ya kumwita wetu kidogo, maana alifundisha miaka mingi katika shule ya sekondari ya Alliance, Dodoma, kabla ya kuwa Askofu wa Kigezi. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa Kampala pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ya Idi Amin ikatangaza ajali ya gari. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walivuka milima usiku kwa miguu kuingia Rwanda.

Ameeleza mwenyewe kilichofuata. Ulimwengu ulimpokea kama shujaa wa imani, akahojiwa na kualikwa huku na huko, na wakati huo wote chuki dhidi ya Amin ilikuwa ikikua ndani yake. Aliiona ikimkausha. Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa London kanisani, na maneno ya Yesu ya kuwaombea msamaha waliomsulubisha yakamshika. Akajiuliza kama anaweza kumtoa Amin nje ya maombi hayo, akaona hawezi. Mwaka ule ule akatoa kitabu kidogo chenye jina la kushangaza, *I Love Idi Amin*.

Ninachotaka mkione ni kwamba alitendewa dhuluma ya wazi, na bado aliungama. Hakuungama kosa la Amin, wala hakusema mauaji yalikuwa mpango mzuri wa Mungu. Aliungama kilichokuwa kikimwotea yeye moyoni. Hapo ndipo wahubiri wetu hukosea na kuumiza watu. Huweza kumwambia mjane aliyedhulumiwa shamba aungame, huku aliyelipora ameketi kiti cha mbele. Ungamo la Kivengere halikumfungia mdomo: aliendelea kusema hadharani juu ya mauaji ya Uganda hadi Amin alipoanguka mwaka 1979.

Wala si kila msiba unafika London kanisani. Zaburi ya 88 inaanza gizani na kuishia gizani, na waliokusanya Zaburi hawakuiondoa. Rafiki za Ayubu walifanya vyema siku saba walipoketi naye chini bila kusema neno. Walipoanza kufafanua mateso yake ndipo walipomkosea, na Mungu aliwakemea wao.

Sasa niseme jambo linaloitesa hoja yangu. Gahini iko Rwanda. Nyamata pia iko Rwanda. Hapo Mchungaji Yona Kanamuzeyi, mwanauamsho aliyewahudumia Watutsi waliofukuzwa makwao, alichukuliwa usiku wa Januari 1964 akauawa. Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari, watu kwa maelfu walichinjwa katika kanisa Katoliki la Nyamata na pembeni yake. Nchi iliyojifunza kuungama miaka sitini iliwezaje kufikia hapo?

Tarehe zinatoa sehemu ya jibu. Mkutano ule wa Gahini ulifanyika Desemba 1933. Ni katika miaka hiyo hiyo, 1933 na 1934, Wabelgiji walipofanya sensa na kuwapa Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Ndugu waliungama wizi, pombe, uzinzi na wivu, dhambi zenye mwenyewe mmoja. Kadi iliyokuwa mfukoni mwa kila mtu haikuwa dhambi ya mtu yeyote, kwa hiyo haikuletwa nuruni. Wapo Wahutu na Watutsi wa Uamsho waliokula pamoja, wakaombana radhi kwa majina ya makabila yao, na wapo waliokufa wakiwaficha wenzao. Walikuwa wachache, na taasisi za kanisa hazikuwafuata.

Kwa hiyo naiongezea hoja yangu sharti. Kweli inayosemwa baada ya msiba haina budi kugusa pia kile tunachonufaika nacho kwa pamoja: kabila linalotupa kazi, sadaka isiyotolewa hesabu, jina la mchungaji lisilohojiwa. Katika idara yetu tunafundisha ushauri wa kichungaji mihula miwili, na mwanafunzi anahitimu akijua kumsikiliza mfiwa. Napendekeza tuongeze kikao cha kila wiki, kisicho na alama, wanafunzi na walimu wakiketi pamoja, na wa kwanza kuulizwa awe mwalimu.