Moto wa Tumbo na Uzito wa Mwili

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia vya mitaa ya Eastlands, Nairobi)



Leo tunazungumza juu ya unene. Twajua neno hili lachoma. Kwetu mtu akinenepa tunasema mambo yake ni mazuri, na kitambi ni alama ya pesa. Tena tangu ukimwi utuingilie miaka ya 1980, mtu akikonda kidogo tu majirani hunong'ona. Basi wengi wetu twaogopa kukonda kuliko kunenepa. Lakini uchunguzi wa serikali wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu wanawake 4 katika kila 10 nchini Kenya wana uzito uliozidi. Sukari na presha huja nyuma ya uzito huo.

Tumechagua kuwaeleza mafundisho ya Ayurveda, yaani uganga wa kale wa Wahindi. Mtauliza, hayo yanatuhusu nini? Wahindi walikuja kwa wingi kujenga reli iliyoanza Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Nairobi mwaka wa 1899. Chapati, sambusa na bizari tulipata kwao. Ikiwa chakula chao tunakila, tusikilize pia walivyofikiri juu ya tumbo.

Wao husema tumboni mna moto, nao huuita agni. Fikirieni jiko la makaa. Moto ukififia, chakula hakiivi: tumbo hujaa gesi na mwili hulegea. Sasa, mtu mnene moto wake ukoje? Wengi watasema ni hafifu. Lakini kitabu chao cha kale, Charaka Samhita, chasema sivyo. Mafuta huziba njia za mwili, upepo ukabaki ukizunguka tumboni na kuupepea moto. Nanyi mwajua jiko likipepewa sana makaa huisha upesi. Hivyo chakula husagika haraka, njaa hurudi, mtu hula tena, na mafuta huzidi.

Madaktari wa leo hawasemi habari ya upepo. Lakini jambo lenyewe tunaliona kila siku: njaa si kipimo cha kuaminika. Chai ya sukari na mandazi asubuhi, chipsi na soda mchana, na baada ya muda mfupi tumbo ladai tena. Naye anayeamua kushinda njaa, jioni atamaliza sufuria.

Basi dawa ni nini? Kitabu hicho hakisemi mtu ajinyime. Chasema moto upewe kazi: chakula kizito tumboni lakini kisichonenepesha, kama shayiri na jamii ya dengu. Chataka pia mwili ufanye kazi, na usingizi wa mchana upunguzwe. Sisi tuna ndengu, maharagwe, sukuma wiki, githeri isiyojaa mafuta, na uji wa wimbi usiotiwa sukari nyingi. Hivyo hushibisha kwa muda mrefu. Na anayeshinda ameketi kibandani au kwenye cherehani, ashuke matatu steji mbili kabla ya nyumbani atembee.

Jamani, sikieni na hili. Kati ya shida za mtu mnene, kitabu hicho chataja njaa na kiu kupita kiasi. Leo twajua hizo zaweza kuwa dalili za ugonjwa wa sukari, hasa mtu akienda haja ndogo mara kwa mara. Mwenye dalili hizo aende kituo cha afya apimwe damu. Aliyepewa dawa za sukari au presha asiziache.

Wala msikimbilie vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa mitaani. Mwaka wa 2004 wachunguzi wa Boston, Marekani, walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani. Dawa 14 zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki, ambayo ni sumu.

Tunaomba kila kikundi kifanye mambo mawili. Kwanza, leteni utepe wa fundi cherehani mpimane kiuno. Mama aliyepita sentimita 88, au mwanamume aliyepita 102, ashauriwe kwa upole, asichekwe. Pili, siku ya mkutano badala ya mandazi na soda, pikeni ndengu. Hazizidi gharama, na hakuna atakayerudi nyumbani na njaa.

Mungu awabariki.