Nuru Inapozidi: Kinga za Viumbe wa Kilosa na Mikumi



Mji wa Kilosa uko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, hivyo jua hufika utosini mara mbili kwa mwaka: siku za mwanzo za Machi, na tena kuelekea katikati ya Oktoba. La Oktoba huchoma kwelikweli. Vuli haijaanza, nyasi za uwanda wa Mkata zimekauka, na mawingu ni machache. Mhadhara huu unauliza viumbe wanaoishi kwa nuru hiyo hufanya nini inapowazidi, na nani awajibike pale mwili usipokuwa na kinga.

Jani la kijani hupokea nuru ili litengeneze chakula, lakini adhuhuri hupokea nyingi kuliko linavyoweza kutumia. Nishati iliyobaki huzalisha aina za oksijeni zenye ukali, nazo huharibu mfumo uleule wa usanisinuru. Kwa hiyo, dakika chache baada ya jua kupamba moto, rangi fulani ya manjano iliyomo ndani ya jani hugeuka kuwa zeaksanthini, na kwa msaada wake nishati ya ziada hutolewa kama joto. Nuru ikipungua, rangi hiyo hurudi ilivyokuwa.

Kinga nyingine mkulima huiona kwa macho. Asubuhi majani ya maharage hujitandaza kulipokea jua. Mchana, hasa udongo ukiwa mkavu, huinuka na kulielekezea jua ukingo badala ya uso. Kinachoyageuza ni kifundo kilichovimba kwenye shina la kila jani: seli za upande mmoja hujaa maji, za upande wa pili hunywea.

Mkonge wa mashamba ya Kimamba na Rudewa hauna haja ya kugeuka. Mmea huu ulioletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893 una nta nene juu ya jani, na matundu yake ya hewa hufunguka usiku. Usiku huo hukusanya kaboni dioksaidi na kuihifadhi kama asidi. Mchana matundu hufungwa, maji hayapotei, na akiba ile huipa nuru kazi ya kufanya.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, miombo huchipua Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Machipukizi yake huwa mekundu, mengine rangi ya shaba. Jani changa bado halijawa tayari kutumia nuru yote linayopata, na rangi nyekundu iitwayo anthosianini huchuja sehemu yake. Wapo wataalamu wanaoona kwamba wekundu huo pia huwafukuza wadudu. Jani likikomaa, hugeuka kijani.

Kwa wanyama, kiboko ana kinga ya ajabu. Ngozi yake karibu haina manyoya, na mchana hukaa majini. Akitoka nchi kavu, ngozi hutoa ute mzito usio na rangi; baada ya dakika chache huwa mwekundu, kisha kahawia. Mwaka 2004 wanasayansi wa Japani walieleza katika jarida la Nature kwamba ute huo una rangi mbili, nyekundu na ya machungwa, zinazofyonza mionzi ya urujuanimno. Ile nyekundu huzuia pia bakteria. Tembo hana ute huo. Yeye hujipaka tope na kujirushia vumbi, na nyufa nyembamba za ngozi yake hushika maji mara 5 hadi 10 zaidi ya ngozi isiyo na nyufa.

Binadamu ana melanini. Chembe zake hujipanga juu ya kiini cha seli kama mwavuli, zikiilinda DNA dhidi ya mionzi.

Mtu mwenye ualbino ana seli zilezile, ila hazitengenezi melanini ya kutosha. Kwake jua huanza kudhuru ngozi tangu utotoni, na saratani inayofuata hushika zaidi kichwa na shingo, sehemu ambazo nguo hazifuniki. Saratani hiyo inaweza kuzuilika. Mjini Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho kwenye hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kinga yaitwayo Kilisun, yaliyobuniwa kwa ajili ya ngozi ya watu hao.

Tatizo ni kuyafikisha kijijini kwa wakati. Siku ya kimataifa ya kuhamasisha kuhusu ualbino ni tarehe 13 Juni, mwezi ambao jua liko mbali kaskazini na mionzi yake kwetu imepungua. Mafuta na kofia zikigawiwa siku ya maadhimisho peke yake, mtoto huishiwa kinga msimu unaomtesa zaidi. Zahanati ziwe na mafuta hayo mwaka mzima, kama zilivyo na dawa ya malaria. Shule zimruhusu mwanafunzi kuvaa mikono mirefu na kofia pana hata kama si sare, zimweke mbele darasani kwa kuwa macho yake nayo huona kwa shida, na zisimpeleke shambani wala uwanjani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Hayo yanaweza kuamuliwa na kamati ya shule katika kikao kimoja.