Mwenye Vyombo na Mwenye Sauti

Mada kwa viongozi wa walei, Magole, Kilosa



Tunapotaja haki kazini, mara nyingi fikira zetu humwendea kibarua wa shambani au mchukuzi wa mizigo. Leo tungependa kumtazama mfanyakazi anayesahauliwa kwa sababu watu hudhani anacheza tu: mpiga gitaa, mtunzi, mchoraji, mwandishi, mtangazaji, mwalimu wa kwaya. Mtu huyu huleta duniani kitu ambacho hakikuwapo. Je, anayemsimamia ana mamlaka gani juu yake, na mamlaka hayo yanaishia wapi?

TUONE

Mkoa wetu wa Morogoro unaijua kazi hii. Mbaraka Mwinshehe alipata sifa akiwa na Morogoro Jazz Band, akaondoka mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, hadi alipofariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Katika miaka ile bendi nyingi nchini zilikuwa mali ya mashirika. Chama cha wafanyakazi cha NUTA, kilichoundwa mwaka 1964, kilianzisha bendi yake mwaka huo huo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi. Umoja wa Vijana wa TANU, Polisi, Magereza na Jeshi nao vilevile.

Tuwe wa haki: mpango huo ulikuwa na wema wake. Mwanamuziki aliyekuwa akiitwa mhuni alipata mshahara wa mwezi. Lakini magitaa, ngoma na vipaza sauti vilikuwa vya mwajiri. Aliyetofautiana na uongozi aliondoka na koo lake na vidole vyake tu. Hata hivyo watu waliondoka. Mwaka 1985 Muhidini Maalim Gurumo na Abel Balthazar waliihama Mlimani Park wakaenda Orchestra Safari Sound. Si kazi yetu kupima mioyo ya waliohama. Twaona jambo moja tu: vyombo hubaki, sauti huhama. Bendi isiyo na watunzi ni ghala la vyombo.

Wala tusiwanyoshee wengine kidole. Tulipokuwa paroko msaidizi katika parokia moja, tulikuwa na mwalimu wa kwaya mwenye kipaji kikubwa. Tulitaka kuona kila wimbo kabla haujafundishwa. Hapo tulikuwa na haki, kwa maana Liturujia ina taratibu zake. Lakini hatukuishia hapo. Tulimchagulia waimbaji. Tulibadili mwendo wa nyimbo zake, tukidhani noti tulizojifunza seminarini zatosha. Tulipanga siku za mazoezi bila kumwuliza. Nyimbo zake zikarekodiwa na kuuzwa, wala hakusomewa hesabu. Hakugombana nasi, alizidi kunyamaza tu. Sisi tukauita ukimya ule utii. Mwaka uliofuata hakutunga hata wimbo mmoja. Hatukumfukuza, tulimzima.

TUPIME

Kitabu cha Kutoka, sura ya 35 na 36, chatueleza jinsi Musa alivyowakabidhi Bezaleli na Oholiabu kazi ya Hema Takatifu. Musa hakuwaambia wafanye wapendavyo; alikuwa na kielelezo, akawaonyesha kilichotakiwa. Lakini alikiri mbele ya watu wote kwamba ufundi wao umetoka kwa Mungu, si kwake. Kisha tazameni: watu walipozidi kuleta matoleo, ni mafundi walioacha kazi wakaenda kumwambia Musa kwamba vitu vimezidi. Musa akawasikiliza, akatoa amri watu wasilete tena. Aliyepanda mlima Sinai hakuona haya kuelekezwa na mafundi.

Mafundisho ya Kanisa yanafuata njia hiyo. Papa Pio wa Kumi na Moja, mwaka 1931, alifundisha kwamba jambo ambalo wadogo waweza kulitimiza wenyewe, wakubwa wasiwanyang'anye. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, alionyesha kwamba kazi hutangulia mtaji, kwa sababu afanyaye kazi ni mtu, si chombo.

Basi tutofautishe. Kusimamia ni kusema kazi ni ipi, ni kwa ajili ya nani, itaisha lini na kwa fedha gani, kisha kuipima ikiisha. Kudhibiti ni kusimama nyuma ya mpiga gitaa na kumwonyesha kila uzi. Naye msanii asikifanye kipaji chake kisingizio cha kuchelewa mazoezi au kudharau wenzake. Uhuru wake una deni la uaminifu.

TUTENDE

Kwanza, mapatano yaandikwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, na mfanyakazi aweza kujiunga na chama. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua haki za mtunzi. Kabla ya kurekodi, isemwe wimbo ni wa nani na mapato yatagawanywaje. Maneno "tutaelewana baadaye" yamewaponza wengi.

Pili, anayebanwa aseme. Aanze faraghani na kwa adabu, ataje kitendo na si tabia ya mtu: "Ulibadili ubeti huu bila kuniuliza." Asiposikika, aende na mwenzake mmoja au wawili. Aliyeajiriwa, mgogoro ukishindikana, aweza kuufikisha kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kuhama si dhambi, lakini isiwe dawa ya kwanza.

Tatu, mwenye mamlaka ajichagulie mambo machache ya kuamua, mengine awaachie wenye ufundi. Asome hesabu mbele yao. Akiona ukimya, aulize.

Sisi tulichelewa kuuliza. Tulimrudia mwalimu yule, tukaomba radhi. Alitusamehe kwa moyo mweupe, akaendelea kuja kusali. Lakini hakutunga tena katika parokia ile.

MASWALI KWA JUMUIYA

1. Katika kwaya, karakana au ofisi zetu, ni nani aliyenyamaza, na tumewahi kumwuliza sababu?
2. Ni maamuzi gani tunayoyashikilia ambayo wenzetu wangeweza kuyafanya vizuri kuliko sisi?
3. Mapato ya kazi za watunzi wetu yanasomwa wapi, na mbele ya nani?